Punda Asiye na Idara

Karani alipostaafu mahakamani, kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna tena aliyesimama yeye akiingia. Kweli kule watu walikuwa wakisimama kwa ajili ya hakimu, lakini yeye aliingia nyuma yake tu, na heshima ile ilikuwa ikimrukia. Nyumbani mkewe alimwambia, "Baba watoto, hebu inua miguu nifagie," basi. Mtaani wakamwita Mheshimiwa kwa utani. Yeye akaitika kwa dhati.

Kwa hiyo mvua zilipozoa kuku na mbuzi wa mtaa mzima, na majirani wakakusanyika kulalama, Mheshimiwa aliona mlango umefunguka. Alisimama, akakohoa, akatangaza kikosi cha kujitolea cha kuokoa wanyama wakati wa maafa. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wamechoka kulia.

Hakuwa mtu mbaya. Alimwonea huruma mnyama yeyote, ilimradi awe mbali. Mbwa wa jirani akibweka, Mheshimiwa alibadili njia na kusema ananyoosha miguu.

Vikao vikaanza. Kikosi kikagawanywa: Idara ya Mbwa na Paka, chini ya kinyozi, Idara ya Kuku, chini ya mwalimu wa chekechea, na Idara ya Mbuzi na Kondoo, aliyopewa shemeji yake, mtu ambaye hajawahi kufuga hata njiwa. Kinyozi alitaka vizibao vya kijani, mwalimu akataka vya rangi ya chungwa, wakanuniana mpaka mvua nyingine zikakaribia.

Siku moja mkewe alipita kikaoni na ndoo yake, akauliza, "Hivi mshajifunza kumfunga mnyama kamba bila kumnyonga?"

"Hilo ni suala la utekelezaji," Mheshimiwa alimjibu. "Sisi bado tuko kwenye sera."

Utekelezaji ulikuja Jumapili asubuhi, bila kuitishiwa kikao. Mtaro mkubwa ulifurika, maji yakaingia barabarani. Kusema haki, kikosi kilitokea chote, vizibao vikimeremeta. Ila mbuzi walikuwa wameshahamishwa na wafugaji wao, na kuku walikuwa darini. Aliyebaki ni punda wa mama muuza maji, amekwama kwenye tope, mkokoteni umepinduka nyuma yake, maji yanamfika tumboni.

"Mbuzi na Kondoo!" Mheshimiwa alinguruma kwenye kipaza sauti. "Songa mbele!"

"Yule si mbuzi, shemeji," alisema shemeji yake, bila kusogea.

"Basi Mbwa na Paka!"

"Mheshimiwa, tuheshimiane," alisema kinyozi.

Mwalimu akapendekeza iundwe kamati ndogo. Maji yakapanda mbavuni. Mwenye punda, aliyekuwa ndani ya maji akihangaika na mikanda ya mkokoteni, akageuka: "Nyie watu, mnamwokoa au mnamsajili?"

Watu waliosimama kando wakaangua kicheko. Mheshimiwa alisikia masikio yakimwaka moto, akavua viatu. Si kwamba alipata ushujaa. Aibu tu ilimzidi woga. Aliingia majini, akamwambia punda, "Samahani, ndugu yangu," akamtupia kamba shingoni. Ncha ya pili akajifunga mwenyewe kiunoni, isije ikamponyoka.

Mama muuza maji akaukata mkanda wa mwisho. Punda, alipohisi mzigo umetoka, alichomoka kama aliyeitwa kwao. Alipanda ukingo, akapita kikosi kizima, akakata kona, na Mheshimiwa nyuma yake akiburutwa kwa tumbo, akipiga kelele ambazo hazikuhitaji kipaza sauti. Punda alikuja kusimama mbele ya duka la kinyozi, limefungwa, maji hayajafika huko.

Picha iliyosambaa ilimwonyesha Mheshimiwa ameketi chini, tope mpaka kwenye nyusi, amemkumbatia punda shingoni. Alikuwa akitafuta pa kushikilia ainuke. Watu waliona upendo. Mama muuza maji akaja mbio, akamshika mikono yote miwili, akalia. Mheshimiwa alifungua kinywa aseme ukweli. Akatazama umati, umesimama wote.

"Ni wajibu wetu," alisema.

Nyumbani mkewe alimkanda mbavu kwa maji ya moto. "Baba watoto, hebu niambie. Nani alimwokoa mwenzake?"

"Tulishirikiana," alisema, akageukia ukutani.

Baadaye akaalikwa mtaa wa pili kufundisha namna ya kuunda vikosi. Alizungumza kwa urefu kuhusu moyo wa kujitolea, wakamsikiliza kwa adabu. Kisha bibi mmoja mfugaji akanyoosha mkono. "Mwanangu, ng'ombe akiwa amezama mpaka shingoni, unamshika wapi kwanza?"

Mheshimiwa alitabasamu, akafuta jasho.

"Swali zuri sana, bibi," alisema. "Tuliweke la mwisho."

Na kabla halijafika, akashukuru kwa kualikwa, akakaa.