Siku niliyofika Makunduchi kwa baiskeli nikaulizwa mimi mgeni wa nani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeusoma mpaka mwisho ule uzi wa mwenzetu aliyezunguka mashamba ya Uhispania kwa baiskeli. Zile barabara tupu za vijijini, mizeituni huku na huku, na kila jioni hoteli inamsubiri. Picha nzuri sana.

Zimenikumbusha njia yangu mwenyewe, ambayo haina picha hata moja. Naieleza kama nilivyoiona. Nilichosahau nitasema nimesahau.

Ilikuwa Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi. Sitini na saba, au sitini na nane. Mimi kijana wa Kikwajuni, shule nimeiacha mapema, kazi nashika hii naachia ile. Kila kitu nataka kukijua, hakuna ninachokaa nacho.

Baiskeli ilikuwa ya fundi mmoja wa Mlandege niliyekuwa nikimsaidia kuziba pancha. Alihama kisiwa yeye na familia yake, kama walivyohama wengi. Alinikabidhi usukani akaniambia nisiiache ikaota kutu. Nyeusi, gia haina, na kengele yake ililia yenyewe kila ukipita kwenye shimo.

Asubuhi moja nilikunywa chai nikaitoa nje kwenda dukani.

Sikwenda dukani. Nilifika njia panda, nikaona barabara ya Mwanakwerekwe haina mtu, nikakata huko huko. Basi. Sababu nyingine sina.

Wakuu, barabara za siku zile zilikuwa kimya kiasi cha kusikia mnyororo wako mwenyewe. Mpaka Tunguu ni minazi na michungwa, udongo mwekundu. Ukisogea mbele udongo unaisha, yanaanza mawe, na miti inakuwa mifupi. Halafu ghafla unaingia msitu wa Jozani, kivuli na ubaridi, kima punju wanakutazama kutoka juu kama wenye nyumba.

Kupita msitu nilikutana na kina mama wamejitwika kuni. Mmoja akaniuliza, "Kaka, punda wako huyo anakula nini?"

Nikamjibu anakula upepo.

"Ndo maana kakonda," akasema mwenziwe, wakacheka mpaka nikawaacha nyuma.

Kitogani barabara inagawika. Kushoto unakwenda Paje na Bwejuu, kulia Muyuni mpaka Makunduchi. Kote sijawahi kufika. Nilikwenda kulia, ingawa upepo wa kusi ulikuwa unanipiga kifuani. Kwa nini kulia, hapo nimesahau.

Sasa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana wasioijua miaka ile.

Watu walikuwa wanaogopana. Kila kijiji kina tawi la chama, na mgeni akitaka kulala lazima awepo mwenyeji wa kusema huyu namjua. Asiyekuwa na mtu aliweza kukalishwa tawini mpaka apatikane wa kumtambua kutoka mjini. Wengine walikaa sana. Haya niliyajua vizuri, ila miguu ilikuwa mbele ya akili.

Nisichokijua ni siku yenyewe. Kesho yake ilikuwa Mwaka Kogwa, siku ya mwaka mpya wa watu wa Makunduchi. Kwa desturi yao, siku hiyo kila nyumba iwe na mgeni. Nyumba inayoingia mwaka bila mgeni wanaihofia, kwamba mwaka huo hautakuwa na heri kwao. Mgeni anatafutwa, anaombwa, hata anagombewa.

Basi nikaingia Makunduchi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Kuku akakatiza mbele yangu, nikapiga kengele.

Pale palikuwa na baraza, wanaume wamekaa. Mmoja wao, Bwana Simai, ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya tawi. Nikateremka nikawaamkia. Waliitika vizuri tu. Halafu Bwana Simai akaniuliza, "Mgeni wa nani wewe?"

Nikajibu kimjini, kwa kujiona muungwana nisiyemsumbua mtu. Nikasema, "Mimi si mgeni wa mtu. Napita tu."

Waliokuwa wameegemea ukuta wakajiinua.

Ningelijua, ningesema lolote lingine. Kusema vile, pale, siku ile, ni kama kumwambia mtu Mungu asimpe heri. Na kwa masikio ya tawi ilikuwa mbaya zaidi.

Bwana Simai hakukasirika. Alisema taratibu, "Kijana, mtu hawi mgeni wa hewa. Mbele ya hapa ni bahari. Unapita unakwenda wapi?"

Jua linashuka, Kikwajuni iko mbali, na hakuna mtu mmoja pale aliyenijua. Akaniambia niiegemeze baiskeli ukutani, nikae. Nikajua nimeshakaa tawini.

Hapo mlango wa nyumba ya pili ukafunguka, akatoka mama wa makamo, kanga kichwani, anakwenda haraka kama aliyeitwa. Alipoiona baiskeli akasimama. Kisha akaniangalia mimi, na ile haraka ikamwisha mwilini.

Niliiona ilivyomwisha. Mpaka leo naiona.

Halafu akasema, "Simai, huyo mgeni wangu. Mbona wamweka juani?"

"Bi Mize," akasema Bwana Simai, "jina lake wamjua?"

"Jina atanambia akishakula."

Hakuna aliyecheka. Bwana Simai alitazama chini, akachora mchangani kwa kidole cha mguu. Sote tulijua Bi Mize anasema uongo, na wale wa barazani walijua na sababu, isipokuwa mimi. Mwisho akainua sauti ili kila mtu asikie. "Haya. Mgeni wa Bi Mize."

Nikaisukuma baiskeli nikamfuata.

Njiani, hatua chache tu, ndipo aliponieleza. Mwanawe Vuai alikuwa akifanya kazi mjini. Kila mwaka siku kama ile alikuja kwa baiskeli na rafiki mmoja, na huyo rafiki ndiye mgeni wa nyumba. Anaanza kupiga kengele kwa mbali, na mamake anatoka mbio. Sitini na nne hakuja. Hakuja tena, wala hapakuwa na wa kumuuliza. Jirani walijitolea kumgawia mgeni wao kila mwaka, akawakatalia, kwa kuwa chumba cha kulala mgeni ni kile cha Vuai, na kukifungua ni kukubali.

"Chumba nimekifunga," akasema. "Lakini nyumba nayo inataka mtu."

Ndani ya ukumbi akaniambia niiweke baiskeli pale ukutani. Chokaa ilikuwa imechubuka mstari mrefu, pahala usukani ulipokuwa ukigusa. Nikaiegemeza. Usukani wangu ukakaa juu kidogo ya ile alama.

Bi Mize akautazama.

"Yake ilikuwa fupi," akasema.

Kisha akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga akafungua chumba. Kitanda cha kamba, mkeka umekunjwa, harufu ya pahala pasipoingia hewa. Akafungua dirisha mwenyewe.

"Kesho watu wakikuuliza, mgeni wa nani?"

"Wa Bi Mize."

"Naam. Haya, njoo unawe mikono."

Wakuu, nilisafiri sana baada ya pale, bara na visiwani, na sijawahi tena kumwambia mtu kwamba mimi si mgeni wa mtu. Nilidhani ule ni uhuru. Kumbe nilikuwa namnyima mtu kitu ambacho yeye ndiye alikuwa anakihitaji.

Mwenye kwao Makunduchi anisahihishe nilipokosea desturi. Na nyie wengine, hasa mliofika kijiji msichokijua jioni ikiwa inaingia: nani aliwasemea "huyu wangu"? Waandikeni hapa chini, angalau majina yao ya kuitwa yasomwe.