Wimbo wa Madungu Mawili

Jioni moja ya masika haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na umenikumbusha wewe, na hiyo simu yako inayoita huku unaigeuza kifudifudi. Najua ni mwenzako unayeimba naye. Najua pia mnagombea nani katunga nini. Kaa hapo nikimenya mihogo, nikueleze habari ya wimbo wetu.

Wewe "Nipo Huku" umeukuta harusini, watu wanaucheza tu. Mimi na rafiki yangu Sesilia tuliuanzia shambani, ng'ambo ya mto, tukiamia ndege. Miaka ile ya tisini, mpunga ukianza kukomaa, nusu ya Ifakara ilihamia mashambani. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kibanda juu ya nguzo, na mtu alishinda humo akipiga debe na kurusha udongo kwa kombeo, ndege hao kwelea wasimalize mpunga. Jioni dungu moja huliita jingine, "Upoo?" na mwenzio lazima aitike, "Nipo huku!" Usipoitika watu wanakuja mbio, maana kule kuna nyoka, kuna viboko, kuna homa. Sisi wasichana tukanogesha, tukaongeza beti za kutaniana, ukawa wimbo.

Mzee Athumani, mwenye duka pale Viwanja Sitini, alitusikia kwenye sherehe moja, akatupeleka studio Dar. Kaseti ikatoka. Jamani! Siku moja basi liliposimama Mkula, wauza ndizi walikuwa wanauimba huku wakikimbilia madirisha, wala hawakujua kama wenyewe tumekaa humo humo. Sesilia alilia kwa furaha mpaka kamasi.

Kisha mtangazaji akasema redioni, huu ni wimbo wa Sesilia. Sesilia peke yake! Nikamwambia aende akawasahihishe. Akanijibu, "Kwani uongo? Si mimi ninayeanza kuita?" Na ubeti wa pili, ule wanaoupenda watu, niliutunga mimi. Mpaka leo nasema ni wangu. Tukanuniana. Dar wakatuita kurekodi kaseti ya pili, hakuna aliyekubali kusafiri na mwenzake.

Masika yakaja, tukarudi madunguni, kila mtu na lake, hatusemezani. Jioni hiyo nikaita kwa shingo upande, "Upoo?" Kimya. Nikasema moyoni, anune mpaka apasuke, nikaendelea kusonga ugali. Punde nikasikia maji yanapigwapigwa kwenye mpunga. Alikuwa Bibi Tekla, bibi yake Sesilia kutoka shamba la jirani, ambaye magoti yalimsumbua hata kwenda kanisani. Anakimbia, panga mkononi, tope hadi kiunoni, analia, "Mjukuu wangu! Mjukuu wangu!" Alikuwa amesikia naita bila kujibiwa, akajua Sesilia amekufa. Alimkuta amekaa dunguni kwake, anatafuna muwa.

Akamkamata mkono, akaja naye hadi kwangu. Nikapiga goti, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Mwanangu, mzee akunyime marahaba!

"Huyu kanyamaza kwa jeuri," alisema akihema. "Lakini wewe uliita, hukujibiwa, ukakaa unasonga ugali. Angekuwa ameumwa na nyoka, ungekula kwanza?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Sesilia akaanza kulia, nami nikafuata. Tukamnawisha bibi miguu, tukamkanda magoti kwa maji ya moto, na huku tunamkanda tukajikuta tunazungumza. Marahaba yangu niliipata tulipokwisha kula.

Kaseti ya pili tulirekodi pamoja, na kwenye kava majina yalikuwa mawili. Usidhani ugomvi uliisha. Ubeti ule tuliubishania mpaka tukawa na wajukuu, ila hakuna aliyemwita mwenzake akakosa jibu. Mwaka juzi tulimzika Sesilia kule Malinyi, alikoolewa. Wimbo ukipigwa redioni, sauti yake inaita, "Upoo?" na mimi naitika hata nikiwa jikoni peke yangu. Inaniuma sana. Sasa ubeti wa pili hakuna wa kunibishia, wala sifurahii.

Kwa hiyo sikwambii uache haki yako. Dai jina lako, gomba mpaka sauti ikauke. Ila mwenzako akiita, itika kwanza, hayo mengine mtagombana baadaye. Na ukiita wewe akanyamaza, nenda kamwangalie kabla hujakasirika. Mungu akutunzie sauti yako, na akuachie wa kuitikiana naye mpaka uwe bibi kizee kama mimi.

Haya, inaita tena. Pokea.