Pua ya Mtengeneza Mishumaa

Kila asubuhi mtengeneza mishumaa hunusa sufuria ya nta ya soya, akakunja uso na kusema, "Bado." Kisha huongeza kifuniko kizima cha manukato, akikoroga kwa upawa aliouiba jikoni kwa wifi yake. Vidole vyake vimejaa mafuta hata kitasa cha mlango kinamponyoka. Akiwasha mshumaa, utambi huzama na mwali husinzia kama mlinzi wa zamu, naye huufokea: "Amka, mvivu we!"

"Wifi, utambi hauna kosa, umeulevya wewe," wifi yake alimwambia siku moja, akipiga chafya ya tatu. "Tia manukato nusu, weka utambi mnene, halafu funika uache wiki mbili. Hata maharage hulowekwa!"

"Na yule mwenye saluni aliyeahidi kuja kununua mishumaa akija akasema hainukii? Si ndiyo biashara yangu imezikwa?"

Wifi aliitwaa chupa ya manukato, akaenda kuilalia ili isiguswe tena.

Siku mwenye saluni alipokuja, mshumaa mmoja tu ulikuwa ukiwaka chumba cha nyuma, kati ya ile iliyotiwa manukato nusu na kuachwa wiki mbili, nta imeyeyuka vizuri mpaka ukingoni mwa glasi. Mgeni aliishia mlangoni, akavuta pumzi, akafumba macho. "Nifungie mishumaa yote," akasema.

Mtengeneza mishumaa alimsindikiza kwa madaha, akarudi mbio, akauinamia mwali nusura aunguze nyusi.

"Wifi," akanong'ona, "hebu niambie, unanukia nini? Mimi tangu mwaka jana sisikii hata harufu ya kitunguu kikiungua."