Kikohozi cha Mwanamisi

Kota za kinu cha pamba zilikuwa safu nne za vyumba vya mabati, na aliyekaa pale alikaa kwa sababu ya kazi. Kazi ikiisha, na chumba kimeisha. Mwaka wa sabini na nne waliotolewa kota hawakuachwa tena Bariadi. Walipakiwa kwenye lori, wakashushwa porini kwenye kijiji cha ujamaa na kuonyeshwa kiwanja.

Uledi alilisha pamba kwenye mashine miaka kumi na mmoja, vumbi likamwingia kifuani. Wenye kifua walikuwa wanaondolewa, kwa hiyo kazini alijibana hadi king'ora cha saa kumi. Akifika nyumbani kikohozi kinamtoka chote. Mkewe, Mwanamisi, alikuwa mzima kabisa, lakini akisikia mumewe ameanza, hutoka uani akakohoa kwa nguvu, ameshika kiuno, majirani wadhani mgonjwa ni yeye. Kati ya chumba chao na changu palikuwa na bati moja tu. Nilijua vikohozi ni viwili. Sikusema.

Nyanjige, jirani yetu wa mbele, alimtania bombani kwamba kwa pumzi hiyo angeweza kuendesha kinu peke yake. Mwanamisi alicheka, akaongeza kikohozi kingine.

Habari za ugonjwa wake zikaenea. Jumapili moja mchana Athanasi, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja na karatasi. Uongozi wa kinu hautaki kifua kikuu kota. Mama apelekwe kijiji cha Lingeka, mume abaki, kinu kinamhitaji.

"Ndugu balozi," Uledi alisema, "mke wangu haumwi."

"Kota nzima tunamsikia, ndugu Uledi."

Uledi alifungua mdomo tena. Angesema kweli, wangeondoka wote wawili, na huko wasingekuwa na wa kuwatumia hata debe la mahindi. Mwanamisi akamwahi. Alikohoa kwanza.

"Mwache balozi afanye kazi yake, baba. Mimi naumwa."

Lori lilikuja Jumatano. Alipanda na mkeka na sufuria mbili. Uledi alisimama kando amebana midomo, mishipa ya shingo imemtoka, hadi lori likapinda. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Safu nzima tulimsikia akikohoa. Nyanjige aliacha kupepeta mtama.

Wiki haikwisha, Athanasi akarudi na karatasi nyingine, ya kumwondoa Uledi naye. Uledi aliomba apelekwe kwa mkewe. Akaambiwa lori la zamu hiyo haliendi Lingeka, linakwenda kijiji kingine, Lagangabilili.