Yule Dada wa Dawati la Nyuma

Yule dada sikumwamini tangu siku ya kwanza. Aliletwa shuleni kwetu Mwika kumsaidia binti yangu, ambaye ni kiziwi, afuate masomo pamoja na watoto wanaosikia. Mtu wa Majengo kule mjini, kucha ndefu, shikamoo zake nyingi mno. Nikajisemea, haya, kikulacho ki nguoni mwako.

Kabla yake mwanangu alikuwa mpole. Ukimwambia neno anaitikia kwa kichwa, basi. Sasa kaota kiburi: nikiongea huku nimeinamia jiko, anapiga mguu sakafuni mpaka nigeuke. Na nikienda kumchukua, namkuta getini na dada yake huyo, mikono inaruka, wananitazama, wanacheka. Wananicheka nini? Roho iliniuma, nasema kweli. Nikaapa: nikimkamata huyo dada ana mchezo, mwanangu namtoa shule, arudi kihambani, kwenye migomba yetu, tukate majani ya ng'ombe.

Siku moja nikautua mzigo wangu wa majani nyuma ya darasa, nikachungulia dirishani. Ruwa, Mungu wangu! Mwalimu anaandika ubaoni huku anaeleza, darasa kalipa mgongo. Mwanangu anahangaika, midomo haioni. Na msaidizi? Kakaa dawati la nyuma, kakunja mikono, anamtazama tu! Kazi gani hiyo, jamani?

Nikauendea mlango nikamwage maneno. Kabla sijafika nikasikia puu! Mwanangu amesimama, mguu chini, kiganja juu. Mwalimu akageuka, akaanza upya akimwangalia usoni. Yule dada hakuinuka, ila alitabasamu. Nikaondoka na hasira zangu, sikujua nimpe nani.

Jioni, narudi na mwanangu, tulikutana na jirani njiani. Akaniuliza, "Huyu mtoto shule anaiweza kweli?"

Nikafungua mdomo kumjibia, kama siku zote. Puu! Kiganja kikanijia usoni. Mwanangu akajibu mwenyewe kwa mikono, jibu refu, macho yanang'aa.

Jirani akanigeukia. "Anasemaje, mama?"

Sikujua. Miaka yote hiyo namsemea, na sikujua hata neno moja. Nilisimama pale njiani machozi yananilenga, na mwanangu ananisubiri nimweleze jirani.

Kesho yake nilirudi shuleni, safari hii nikapita mlangoni. "Na mimi nifundishe," nikamwambia yule dada.

Kucha zake bado sizipendi.