Malaika wa Upande wa Mashariki

Hebu niambie: ni mguu wa mwanamke gani uliowahi kuangusha hekalu?

Pale Chiang Mai, ndani ya mji wa kale uliozungukwa na handaki la maji, Unruean alikuwa fundi wa mwisho wa chokaa. Miaka ishirini na sita alipanda ngome ya mji, akaziba nyufa za ukuta ambao wanaume waliufia vitani, na hakuna aliyemwambia ashuke. Lakini kwenye hekalu lililo nyuma ya ukuta huo, mnara wa masalia matakatifu ulizungushiwa kamba yenye kibao: wanawake wasipite. Mnara huohuo baba yake ndiye aliyeufinyangia malaika kumi na wawili. Yeye, msichana, alikanda chokaa nje ya kamba: chokaa iliyolowekwa miezi mitatu, mchanga wa mto, sukari guru na gundi ya ngozi ya nyati. Baba alipokea ndoo, akapanda.

Sasa baba hayupo, na malaika wake wanapakwa saruji.

"Prawet!" alimwita msimamizi wa mafundi. "Saruji inafungia maji ndani. Tofali litalowa, litatapika kila kitu. Upande wa mashariki umeshavimba, huoni?"

"Naona, shangazi. Umenenepa kidogo, kama mke wangu." Mafundi wakacheka huko juu. "Kama una wasiwasi, njoo upapase mwenyewe."

"Unajua siwezi kupita."

"Basi tuache sisi tunaoweza."

Alimwendea mtawa mkuu, akapiga magoti, viganja vimeunganishwa. Mtawa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole uliomchoma kuliko matusi: "Nakuamini, binti. Lakini masalia yamezikwa pale chini, na mwanamke hapiti juu yake. Si mimi niliyeiweka sheria hiyo."

"Nani basi, Baba? Nimpate wapi nimuulize?"

Alirudi nyumbani, akabamiza ndoo ukutani hadi mama yake, Fongkaeo, mwenye miaka themanini na mmoja, akaacha kufunga wali kwenye majani ya mgomba.

"Nyamaza, Unruean. Mimi nimekaa nje ya kamba ile tangu niolewe. Nimekufa?"

"Hujafa, mama. Umezoea. Na hiyo ni mbaya zaidi!"

Neno lilishamtoka. Mama aliinamia wali wake. Mvua ilinyesha mpaka alfajiri.

Asubuhi Unruean alikuta kitanda cha mama ni kitupu. Alikimbia hekaluni. Bamba la saruji, kubwa kama mlango, lilikuwa limebanduka upande wa mashariki na kuondoka na malaika wawili. Watawa walisimama na mabakuli yao ya sadaka. Prawet alishika ufagio, hajui aanzie wapi.

Ndani ya kamba, mama yake alikuwa amechuchumaa matopeni. Ameikunja mapajani nguo yake ya kiunoni, nguo ambayo hata ikianikwa uani wanaume wa pale hawapiti chini yake, na humo anatia vipande: pua, kidole, nusu ya taji.

"Bibi," Prawet alinong'ona, "toka, tafadhali. Ni dhambi."

"Shika hiki," akasema Fongkaeo, akimpa kichwa cha malaika. "Na usikiangushe tena."