Mnavu wa Kwenye Korongo

Mpaka leo nikikumbuka safari ile damu inanichemka.

Macho ya mama yangu yalikuwa yanakwisha. Daktari alishatuambia waziwazi kwamba mwaka ule hautaisha akiwa bado anaona. Mama, aliyelelewa kando ya msitu kule Kongo, akaomba kitu kimoja tu: auone msitu tena. Nikafunga saluni yangu ya hapa katikati ya Durban siku mbili, tukapanda basi dogo la watalii kuelekea pwani ya kusini, kule ambako mito imechimba makorongo marefu na bahari ikaingia ndani, kati ya kuta za mawe. Kiongozi wetu akajisifu kwamba wageni husema iko sawa na fiodi za Norwe. Mimi Norwe nitaijulia wapi? Mama aliushika mti mmoja kwa mikono miwili, akalia, nami nikamshukuru Mungu.

Kisha, pembeni ya njia, akaona mnavu. Kwetu mnavu huota hata nyuma ya choo, na mwanamke akiukuta hapiti hivi hivi. Akafungua kitenge chake cha juu, akaanza kuchuma mboga ya jioni. Yule kiongozi, kijana wa umri wa wajukuu zake, akamjia juu mbele ya watu: hii ni hifadhi, halibebwi hata jani. Na mimi, eti nisionekane mshamba, nikamgombeza mama kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, ili Wazungu tuliokuja nao kwenye basi wasikie. Nikamnyang'anya kitenge, nikakung'uta majani chini.

Saa saba tukaketi kula kwenye hoteli ya hifadhi. Ikaletwa supu, na kiongozi yule yule akatangaza kwa mbwembwe kwamba majani yake yamechumwa asubuhi, humo humo msituni. Mama akanusa, akaonja, akaniambia ni mnavu. Eish, nilisimama. Nikamuuliza yule kijana ana adabu gani. Akajibu taratibu kwamba hoteli ina kibali. Kibali! Maisha yetu yote Durban ni kuulizwa vibali, sasa hata kwa magugu? Nikamfokea, nikataka amwombe mama yangu radhi pale pale, watu wote wakikodolea macho sahani zao.

Mama akanivuta mkono nikae.

"Mwache, huyu hanijui," alisema. "Wewe unanijua."